Nusu Mikrogramu na Nyumba Zilizohukumiwa New Zealand

Nyumba iliyopikiwa methamfetamini na nyumba ambayo mtu aliivutia methamfetamini ni nyumba mbili tofauti, na anayetaka kununua mojawapo ana haki ya kujua anauziwa ipi. Tofauti hiyo haikuwa siri. Mwongozo uliotolewa na Wizara ya Afya ya New Zealand mwezi Agosti 2010 uliitaja tangu kwenye jalada: ulihusu usafishaji wa maeneo yaliyokuwa maabara bubu za methamfetamini. Ndani yake mlikuwa na namba moja iliyokuja kuwa maarufu kuliko mwongozo wenyewe, yaani mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita 100 za mraba za ukuta. Namba hiyo iliwekwa kumwambia fundi kwamba usafi umekamilika. Ikaja kutumiwa kumwambia mpangaji afungashe na mnunuzi akimbie. Kosa la sakata zima limelala hapo, na mengine yote ni matawi yake.

Upishi huacha mambo mengi zaidi ya dawa yenyewe. Kuna viyeyushi, asidi na chumvi zake, madoa ya iodini yenye rangi ya chai kwenye kuta na masinki, na mara nyingine mabaki yaliyomwagwa chooni au nyuma ya nyumba hadi yakaingia kwenye udongo. Mvuke wake hupenya bodi za jipsamu, mazulia, magodoro na mifereji ya hewa, na rangi mpya ikipakwa juu bila kusafisha, masalia hupanda tena taratibu. Moshi wa mvutaji hufanya kazi ndogo zaidi: hutua juu ya kuta na dari kama mvuke wa mafuta ya kukaangia, tabaka jembamba ambalo sabuni, maji na muda hulipunguza. Wataalamu wa New Zealand hutumia mikrogramu 30 kama alama ya kukisia kwamba nyumba ilipikiwa. Nyumba nyingi za wavutaji husomeka chini sana ya hapo, na zile zilizovuka 30 katika vipimo vya nchi hiyo zilikuwa chache mno.

Ukubwa wa nusu mikrogramu unaonekana vizuri zaidi jikoni kuliko maabara. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito wa takriban mikrogramu 60. Ikivunjwa vipande 120, kipande kimoja kikasambazwa juu ya mraba wenye upana wa kiganja, hicho ndicho kiwango kilichotosha kuitangaza nyumba kuwa haifai kukaliwa. Nchini Marekani methamfetamini ipo pia kama dawa halali ya hospitali, huandikwa kwa nadra kwa watoto wenye tatizo la umakini, na dozi ya kawaida hufika miligramu 20 kwa siku. Kuipata dozi hiyo kutoka kwenye ukuta wenye 0.5 kungehitaji kuulamba ukuta wa mita 400 za mraba, ukuta wote, bila kubakiza. Hesabu hii haithibitishi kwamba ukuta ni salama kwa mtoto mchanga anayetambaa na kunyonya vidole, kwa kuwa dozi ya tiba si kipimo cha usalama. Inaonyesha tu jinsi namba ya 2010 ilivyokuwa mbali na eneo la hatari, na kwa nini ilifaa kuwa shabaha ya msafishaji. Anayesafisha maabara bubu hulenga chini kabisa, kwa sababu methamfetamini ni shahidi tu: ikiondoka hadi kiasi hicho, huaminika kwamba vile vingine visivyopimwa navyo vimeondoka. Kwenye nyumba ya mvutaji hakuna vingine vya kuondoka. Shahidi ameitwa kwenye kesi isiyokuwepo.

Housing New Zealand, shirika la umma lililokuwa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini humo, ndilo lililoibeba namba hiyo na kuitembeza. Sera yake iliitwa ya kutovumilia hata kidogo. Nyumba ikipimwa na kusoma juu ya 0.5, haikuulizwa kama ilipikiwa au ilivutiwa. Haikuulizwa pia kama aliyevuta ni mpangaji wa sasa, wa jana au wa miaka saba iliyopita, kwa kuwa nyumba nyingi hazikupimwa kabla ya mpangaji kuingia. Hilo la mwisho ndilo gumu kulimeza. Fundi wa kawaida anayekodisha jenereta huandika mikwaruzo yake kabla ya kulitoa, ili likirudi ajue upi ni mpya. Shirika lenye makumi ya maelfu ya nyumba lilidai fidia ya mkwaruzo bila kuwa na kumbukumbu ya jenereta lilivyotoka.

Taarifa ya shirika lenyewe, iliyotolewa Septemba 2018, ilikiri kwamba kati ya 2013 na 2018 wapangaji wapatao 800 waliathiriwa kwa kuvunjiwa upangaji, kudaiwa gharama za usafi au yote mawili, na kwamba ukihesabu familia zao waliokumbwa walikuwa takriban 2,400. Wapo waliozuiwa kupata nyumba nyingine ya serikali kwa mwaka mzima. Upimaji na usafishaji uliligharimu shirika kiasi cha dola milioni 120 za New Zealand. Nyumba zilikaa tupu huku foleni ya wanaozihitaji ikirefuka. Mkurugenzi mtendaji aliomba radhi, na fidia iliyotangazwa kwa waliotendewa hivyo ilikuwa kati ya dola 2,500 na 3,000 kwa kila mpangaji. Bei ya friji nzuri na kabati la nguo.

Sera hiyo haiwezi kutajwa bila kukumbuka siku mpango wa nyumba za umma ulipomfungulia mlango mpangaji wake wa kwanza. Tarehe 18 Septemba 1937, waziri mkuu Michael Joseph Savage alifika namba 12 Fife Lane, Miramar, jijini Wellington, nyumba ya kwanza ya mpango wa serikali yake kukabidhiwa mpangaji, akaibeba meza ya kulia chakula na kuiingiza ndani mbele ya umati. Ilikuwa siasa, na kila mtu alijua ni siasa. Hata hivyo siasa ile ilijua mlango wa nyumba ni wa kuingizia samani. Warithi wake waliutumia kutolea, na hawakuwa na hata ushahidi ambao mfamasia mwangalifu angeutaka kabla ya kubadilisha lebo ya chupa.

Njia ya upimaji ilizidisha kosa, na hapa ndipo wasomaji wa ripoti za upimaji hupoteza subira. Mpimaji huingia na glavu, hubandika ukutani kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa tundu la sentimita 10 kwa 10, hulowesha kitambaa kwa methanoli, hufuta ndani ya tundu kutoka kushoto kwenda kulia, kisha juu kwenda chini, hukikunja na kukifungia kwenye kichupa. Maabara hukisoma kwa mashine ya kuchambua masi, nayo mashine haina lawama, husoma ilichopewa. Lawama ni ya kichupa. Ili kupunguza ada, vitambaa vya vyumba kadhaa viliwekwa pamoja kwenye kichupa kimoja na kusomwa kwa jumla. Nyumba ya vyumba vinane yenye 0.07 kila chumba, kiasi ambacho hakuna mwongozo wowote ungekijali, hutoka ikiwa na 0.56. Hakuna ukuta hata mmoja wenye 0.56 ndani ya nyumba hiyo. Sampuli ya mchanganyiko inafaa kwa kazi moja, kuisafisha nyumba jina kwa haraka: jumla ikiwa ndogo, kila chumba ni kidogo zaidi. Ikiwa kubwa, kinachotakiwa ni kurudi na kupima chumba kwa chumba, kisha ndipo mtu afungue mdomo. Mara nyingi mdomo ulifunguliwa kabla.

Soko la nyumba lilijifunza haraka kutoka kwa mwenye nyumba mkubwa. Kampuni za upimaji zilichipuka bila leseni maalumu wala sifa za lazima, na baadhi zilipima asubuhi na kutoa makadirio ya usafi jioni ya siku hiyohiyo. Kumkabidhi fisi bucha huwa na matokeo yanayojulikana. Makadirio yalifika makumi ya maelfu ya dola: kung'oa bodi, kutupa mazulia, kubadilisha makabati ya jikoni, kupima tena. Muuzaji ambaye kijana wake wa kiume alivuta chumbani miezi mitatu alijikuta na nyumba isiyouzika. Mnunuzi aliyekuwa na nafasi ya kushusha bei aliishusha. Mnunuzi mwoga alikimbia nyumba nzuri na kununua nyingine yenye ukungu nyuma ya kabati, ambayo hakuna aliyeipima.

Habari ya ukungu si ya pembeni. New Zealand ina historia ndefu ya nyumba za mbao zenye baridi na unyevu, na mtu aliyeonyesha kwa vipimo jinsi zinavyoumiza watu ni Philippa Howden-Chapman wa Chuo Kikuu cha Otago. Utafiti alioongoza, uliochapishwa mwaka 2007, ulizichukua kaya 1,350 katika jamii saba, ukazigawa kwa bahati nasibu, nusu zikawekewa vizuizi vya baridi darini na chini ya sakafu mapema na nusu baadaye. Waliowekewa walikuwa na nyumba zenye joto na ukavu zaidi, wakaugua vifua kidogo zaidi, na watoto wakakosa shule siku chache zaidi. Hivyo ndivyo hatari ya nyumba hupimwa: kwa afya ya wanaolala ndani. Linganisha na nusu mikrogramu, ambayo haikuwahi kuonyeshwa kumfanya augue mtu yeyote aliyehamia nyumba ya mvutaji. Dola milioni 120 zingeweka vizuizi vya baridi kwenye dari nyingi sana.

Kazi safi kuhusu namba zenyewe ilishafanyika kabla, na ilifanyika California. Majimbo ya Marekani yalikuwa yamejipangia viwango vyao kuanzia 0.1 na kuendelea, vingi vikiwa vimewekwa kwa kuangalia mashine inaweza kusoma nini na msafishaji anaweza kufikia wapi. Mwaka 2009 mtaalamu wa sumu Charles Salocks wa ofisi ya jimbo inayotathmini hatari za afya alianza upande wa pili, kwa mwili wa mtu. Alichukua dozi ndogo kuliko zote iliyoonyesha athari kwa binadamu katika utafiti wa zamani wa wajawazito waliopewa dawa hiyo kuzuia unene, miligramu 0.08 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, akaigawanya kwa 300 ili kufidia yasiyojulikana, akapata mikrogramu 0.3 kwa kilo. Kisha akarudi nyuma hadi sakafuni kwa mtoto mdogo anayetambaa, akafika kwenye 1.5. Kila hatua inaonekana, kila kigawanyo kina sababu, na asiyekubali anajua agombane na mstari upi. Hata hiyo 1.5 bado ilikuwa namba ya kumalizia usafi wa nyumba zilizopikiwa.

Wellington ilipozinduka, ilizinduka nusu. Oktoba 2016 Wizara ya Afya ilipendekeza ngazi tatu: 0.5 ibaki kwa nyumba zilizopikiwa, 1.5 kwa zilizovutiwa zenye zulia, 2.0 kwa zilizovutiwa zisizo na zulia. Angalau kupika na kuvuta vilitenganishwa. Juni 2017 kikaja kiwango cha taifa, NZS 8510, kikavichanganya tena kwa kuweka 1.5 kwa sehemu zote zinazotumika sana, iwe ilipikwa au ilivutwa, na 3.8 kwa sehemu kama uvungu wa paa. Kiwango hicho kina mambo mema kuhusu namna ya kuchukua sampuli na sifa za mpimaji. Namba yake kuu, hata hivyo, iliondoa tofauti pekee iliyokuwa na maana.

Ripoti ya Peter Gluckman, mshauri mkuu wa sayansi wa waziri mkuu, ilitoka tarehe 29 Mei 2018 na kumaliza ubishi kwa lugha ya kawaida. Haikukuta ushahidi kwamba kuishi kwenye nyumba iliyovutiwa tu humdhuru anayehamia baadaye. Ilishauri upimaji ufanywe pale tu panaposhukiwa upishi au uvutaji mzito sana, na kwamba usafi uanze kufikiriwa kuanzia mikrogramu 15, mara 30 ya namba ya 2010. Waziri wa nyumba Phil Twyford aliikubali, na shirika likabadilisha utaratibu. Iliandikwa vizuri na ilichelewa miaka mitano.

Namba 15 nayo ina mwiba wake, na wanaoishangilia kama bao la dakika ya mwisho hawapendi kuutazama. Mwiba huo unatoka Victoria, Australia, na unamhusu mnunuzi hasa. Familia ya watu watano ilinunua nyumba ya shambani mwaka 2013 bila kuambiwa kwamba ilikuwa maabara bubu. Waliishi humo hadi 2015. Watoto walipata dalili zinazofanana na pumu, usingizi ukavurugika, tabia zikabadilika, na nywele za wanafamilia zilipopimwa zilikuwa na methamfetamini. Kuta zilisomeka kati ya takriban 12 na 26. Kwa maneno mengine, baadhi ya kuta za nyumba iliyowafanya watoto waugue zingefaulu mtihani wa 15. Jackie Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Flinders, waliochapisha kisa hicho mwanzoni mwa 2017, wameendelea kuonya dhidi ya kulegeza viwango, na hawastahili kudharauliwa.

Kisa hicho hakirudishi uhai wa 0.5. Kinarudisha swali ambalo 0.5 ililiua: nyumba ilipikiwa au ilivutiwa? Ile ya Victoria ilipikiwa. Ilikuwa na historia ambayo serikali ya mtaa ilikuja kuijua kupitia polisi, nayo haikumfikia mnunuzi kabla hajasaini. Namba ya ukutani, iwe 12 au 26, haielezi ni nini kingine kilichomo ndani ya nyumba iliyopikiwa. Kwa nyumba kama hiyo kazi ni ya kusafisha maabara, kwa mwongozo wa maabara, hadi chini kabisa, na 15 haina nafasi. Kwa nyumba ya mvutaji, 15 inatosha na huenda imezidi kwa ukali.

Kwa anayenunua, basi, historia hutangulia kitambaa. Nchini Marekani idara ya kupambana na dawa za kulevya huchapisha daftari la taifa la anwani za maabara bubu zilizoripotiwa na vyombo vya dola, chombo rahisi na cha bure ambacho kingestahili kuigwa kila mahali, ingawa hakina kila nyumba. Nchini New Zealand swali la kwanza huenda kwenye taarifa ya kiwanja inayotolewa na halmashauri, maarufu kama LIM, ambako maabara iliyovamiwa na polisi inaweza kuwa imeandikwa. Swali la pili huenda kwa dalali, kwa maandishi, kwa kuwa dalali aliyeulizwa kwa mdomo husahau. Swali la tatu huenda kwa majirani, na hao huwa hawasahau. Macho nayo yana kazi yake: madoa ya rangi ya chai kwenye sinki na dari, vigundua moshi vilivyong'olewa, madirisha ya chumba kimoja yaliyozibwa, nyasi zilizokauka kwa umbo la duara nyuma ya nyumba, rangi mpya katika chumba kimoja tu cha nyumba chakavu. Hakuna hata moja linalothibitisha kitu peke yake, lakini mawili au matatu yakikutana yanatosha kuagiza kipimo.

Kipimo kikiagizwa, mpimaji asiwe na undugu wa kibiashara na msafishaji. Matokeo yadaiwe chumba kwa chumba, kwa namba, na picha ya kila mahali kitambaa kilipopita. Ripoti iliyoandikwa "imechafuliwa" bila namba, au yenye namba moja ya nyumba nzima, irudishwe kwa aliyeiandika. Chumba kimoja chenye 40 na vingine vyenye 0.2 kinaeleza jambo tofauti kabisa na vyumba vinane vyenye 5 kila kimoja, ingawa jumla zinakaribiana: cha kwanza kinanuka upishi, vya pili vinaonyesha mvutaji aliyetembea nyumba nzima.

Tangu 2018 baraza la migogoro ya upangaji nchini New Zealand limekuwa likiegemea 15, na mwongozo wa madalali ukafuata mkondo huohuo kuhusu yapi lazima mnunuzi aambiwe. Kiwango cha NZS 8510 hakikufutwa kwa ripoti ya Gluckman; kiliendelea kuchapwa na 1.5 yake, na mikataba iliendelea kukitaja. Muuzaji anaweza kuuza kwa 15 na mnunuzi akanunua kwa 1.5, nyumba ileile, wiki ileile, wakagundua tofauti yao mbele ya mawakili. Kwa hiyo sharti la upimaji kwenye mkataba wa mauziano haliwezi kuishia kwenye maneno kwamba nyumba iwe salama. Linataja namba, linataja kwamba sampuli za kuamua ni za chumba kimoja kimoja na si za mchanganyiko, linataja nani anamchagua mpimaji, na linataja nani analipa kipimo cha pili iwapo cha kwanza kitapingwa.